Kifuko cha Silikoni Kikipasuka: Mume na Mke Wajue Nini?

Jambo tutakalozungumza leo huenda likawafanya baadhi yenu mfunge gazeti mtoto akipita sebuleni. Msilifunge. Tutazungumza juu ya vifuko vya silikoni ambavyo madaktari huweka ndani ya kifua cha mwanamke ili matiti yawe makubwa, au ili kujaza pengo la titi lililokatwa kwa sababu ya saratani. Hasa tutatazama yanayompata mwanamke kifuko hicho kikipasuka ndani yake. Najua mmoja wenu atasema, "Mwalimu, hayo ni mambo ya Wazungu na waigizaji wa sinema." Hata mimi nilidhani hivyo, hadi jioni moja mwaka wa 2023 mume na mke wa parokia yetu walipofika kwangu, wakaketi kila mmoja kwenye ncha yake ya kochi, wasitazamane.

Wameniruhusu kuwasimulia habari yao, mradi nisitaje majina wala mtaa.

Yule mama aliishi Uingereza miaka kadhaa akifanya kazi ya kuwatunza wazee. Mwaka wa 2005, kabla hajaolewa, alichukua akiba yake akaenda katika kliniki moja ya kibinafsi huko, akawekewa vifuko. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa tu amechoka kutaniwa juu ya kifua chake tangu siku za shule. Baadaye alirudi Kenya, akaposwa, na mwaka wa 2009 wakafunga ndoa kanisani. Hakumwambia mumewe. Mwanzoni aliona haya, kisha akaona amechelewa. Makovu yalikuwa madogo, chini ya matiti, na mume hakuuliza. Wakajaliwa watoto watatu, naye akawanyonyesha wote.

Mwanzoni mwa 2012 walikuwa wakitazama habari za televisheni, ikaja habari ya kiwanda kimoja cha Ufaransa kilichouza vifuko vibovu. Mume akacheka, akasema, "Wazungu nao wana mambo! Mtu atiwe mpira kifuani?" Mke akainuka akaenda jikoni, akakaa huko mpaka habari zikaisha.

Miaka 11 ikapita. Titi la kushoto likaanza kumchomachoma. Baadaye akagusa uvimbe kwapani, mdogo kama punje ya haragwe. Moyoni akasema ni saratani, akanyamaza miezi minane. Mume alipogundua alimpeleka hospitali, na mama mkwe akafuatana nao kwa wema wake. Daktari akauliza, "Mama, umewahi kufanyiwa upasuaji wowote kifuani?" Mama mkwe ameketi pale pale. Mgonjwa akajibu, "Hapana, daktari."

Nitarudi kwao. Kwanza tujifunze, maana wengi wetu hatujui kitu hiki ni nini.

Silikoni hutengenezwa kiwandani, na asili yake ni mchanga. Yaweza kufanywa nyororo kama mpira, au nzito kama uji uliolala. Kifuko cha titi kina zote mbili: nje ni ngozi ya mpira, ndani ni ute mzito. Viko pia vifuko vilivyojazwa maji ya chumvi. Hivyo vikipasuka, titi hunywea kwa saa au siku chache, na mwili huyanyonya yale maji bila madhara. Mwenye maji ya chumvi hupata habari mara moja. Mwenye ute wa silikoni aghalabu hapati habari yoyote, na hapo ndipo penye shida yetu.

Kifuko cha kwanza cha ute kiliwekwa katika mji wa Houston, Marekani, mwaka wa 1962. Madaktari wawili, Thomas Cronin na Frank Gerow, walikuwa wameanza kwa kumjaribia mbwa jike. Kisha wakampata mama mmoja wa watoto sita, Timmie Jean Lindsey, ambaye alikuwa amekuja hospitali kwa haja nyingine kabisa: alitaka kufutwa michoro aliyochorwa kifuani. Wakamwuliza kama angekubali kujaribiwa kitu kipya. Yeye akasema kinachomsumbua ni masikio yake yaliyotokeza, basi wakapatana, akarekebishwa masikio na kuwekewa vifuko. Miaka 50 baadaye alikuwa hai, navyo vikiwa bado kifuani mwake. Nasimulia hayo ili mjue kwamba si kila kifuko hupasuka. Lakini mjue pia kwamba viliuzwa Marekani kwa miaka mingi kabla ya serikali kudai ithibati ya usalama wake. Januari 1992 mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo, ijulikanayo kwa herufi FDA, iliwaomba madaktari wasimamishe kuvitumia. Kwa miaka 14 vilibanwa, vikitolewa hasa kwa waliokatwa matiti na kwa waliokubali kuingizwa katika utafiti, mpaka Novemba 2006 viliporuhusiwa tena. Katikati ya hapo wanawake maelfu kwa maelfu walishtaki, na kampuni kubwa iliyovitengeneza, Dow Corning, ikaomba ulinzi wa sheria ya kufilisika mwaka wa 1995.

Sasa tuingie ndani ya mwili. Mwili wa binadamu ukiingizwa kitu kigeni usichoweza kukitoa, hukizungushia ukuta wa kovu. Kila mwenye kifuko ana ukuta huo, nao si ugonjwa. Kwa baadhi ya wanawake ukuta hujikaza, ukakibana kifuko hata titi likawa gumu, likapanda juu, likauma. Hilo ni tatizo la peke yake na laweza kutokea bila kifuko kupasuka.

Kifuko kikipasuka, mara nyingi ute hubaki ndani ya ukuta wa kovu kama maziwa yaliyomwagika ndani ya kikapu kilichofungwa na mfuko. Titi halibadiliki. Mwanamke anapika, anafua, anakwenda sokoni, anaimba kwaya, wala hana habari. Hata daktari akilipapasa kwa vidole mara nyingi hatambui. Hii ndiyo inayoitwa kupasuka kimya, nayo ni ya kawaida kuliko ile yenye dalili.

Mara nyingine ute hupenya ukuta ukaingia katika nyama ya titi. Mwili huuzingira kila tone, na mavimbe magumu hutokea. Mengine hukaa kimya, mengine huuma. Ute waweza pia kuchukuliwa hadi kwenye tezi za kwapani, kwa sababu tezi hizo ni kama chujio: taka nyingi za upande ule wa kifua hupitia hapo. Tezi zikijaa silikoni huvimba. Na tezi iliyovimba kwapani ndiyo daktari yeyote aliyesoma huitazama kwanza kwa jicho la saratani. Mara chache ute umeonekana umesafiri hata ukafika mkononi.

Kwa hiyo mwanamke aliyekatwa titi kwa saratani, akawekewa kifuko, akavimba tezi miaka kadhaa baadaye, huona kifo kimerudi mlangoni. Yawezekana ni silikoni tu. Yawezekana pia ni saratani kweli. Hakuna mtu awezaye kuamua kwa kugusa, wala kwa kuota, wala kwa kuombewa bila kwenda kupimwa. Hutolewa sampuli kwa sindano, ikatazamwa na mtaalamu. Lakini mtaalamu huyo hana budi kuambiwa kwamba pana kifuko, la sivyo anatafuta gizani, tena sindano ikipitishwa titini bila habari yaweza kukitoboa kifuko kilichokuwa kizima.

Ni nini hupasua kifuko? Zaidi ya yote ni uzee wake. Ngozi ya mpira hujikunja mahali pamoja miaka na miaka, kama kiatu kinavyokatika pale kinapokunjika. Pengine kilikwaruzwa na chombo cha daktari siku ile ile ya kuwekwa. Zamani wako madaktari waliolibinya titi gumu kwa mikono ili kuuvunja ukuta wa kovu, nao wakavipasua vifuko. Desturi hiyo imekatazwa. Kishindo cha ajali ya gari chaweza kukipasua, mkanda ukikaza kifuani. Kupigwa ngumi pia, na hapo nanyamaza, maana mnajua nasema na nani. Lakini kukumbatiana kwa mume na mke hakukipasui, wala kulala kifudifudi, wala kupanda ndege. Nimeulizwa hayo, na nimeona mume anayemwogopa mkewe kama mtu abebaye mayai. Tendo la ndoa halikatazwi, ila baada ya upasuaji daktari atataja majuma ya kungoja.

Dalili zikiwapo, ni hizi: titi moja kupungua au kubadilika umbo, uvimbe mgumu usiokuwapo, maumivu, kuchomachoma au kufa ganzi, titi kuvimba, au tezi ya kwapani kujitokeza. Mume ndiye aghalabu huona kwanza kwamba upande mmoja haufanani na mwingine. Akiona, aseme kwa upole, tena wakiwa wawili, si mbele ya dada zake.

Hapa napenda tuwe wakweli, kwa sababu uvumi ni mwingi. Mwaka wa 1999 jopo la wataalamu wa Marekani lilichapisha ripoti kubwa baada ya kupitia tafiti nyingi. Halikupata ushahidi kwamba silikoni inaleta saratani ya titi, wala yale magonjwa ya mwili mzima ya viungo na ngozi yaliyokuwa yakitajwa mahakamani. Lilisema madhara makubwa yako pale pale kifuani: kupasuka, kukakamaa, maambukizi, maumivu, na kurudi tena na tena katika chumba cha upasuaji. Tangu hapo wanawake wengi wameeleza uchovu usioisha, usahaulifu, vipele na maumivu ya viungo, na baadhi yao wamepata nafuu vifuko vilipotolewa. Madaktari bado wanalichunguza jambo hilo. Mume asimwambie mkewe kwamba anajifanya.

Ipo saratani moja inayohusiana na vifuko. Si saratani ya titi, bali ni ya chembechembe za kinga ya mwili, nayo huota katika ukuta wa kovu, hasa kwa vifuko ambavyo ngozi yake ina makwaruzo kama msasa. Ni adimu. Hadi Julai 2019 FDA ilikuwa imehesabu wagonjwa 573 duniani na vifo 33, ikaitaka kampuni ya Allergan iviondoe sokoni vifuko vyake vya namna hiyo, nayo ikaviondoa katika nchi zote. Dalili yake kubwa ni titi kuvimba maji miaka mingi baada ya upasuaji. Ikigunduliwa mapema, kwa kawaida hupona kwa kutoa kifuko pamoja na ukuta wake wote.

Na kile kiwanda cha Ufaransa? Kiliitwa Poly Implant Prothèse, kwa kifupi PIP, katika mji wa La Seyne-sur-Mer karibu na Toulon. Mwenyewe, Jean-Claude Mas, alikianzisha mwaka wa 1991. Wakaguzi walipoingia Machi 2010 walikuta kinatumia silikoni ya viwandani, ya bei rahisi, isiyoidhinishwa kuingia mwili wa binadamu. Wakaguzi wa kawaida walipokuja hapo awali, ile mbaya ilifichwa. Wanawake wapatao 300,000 katika nchi nyingi walikuwa wameshawekewa. Desemba 2011 serikali ya Ufaransa iliwashauri wanawake wake 30,000 hivi wavitoe, hata kama havijapasuka. Waingereza walisema kila mwanamke apimwe na kushauriana na daktari wake. Ripoti yao ya 2012 ilionyesha kwamba baada ya miaka 10, kati ya wanawake 100 wenye PIP, 15 hadi 30 watakuwa wamepasukiwa; kwa wenye vifuko vya kampuni nyingine ni 10 hadi 14. Iliongeza kwamba ute ule haukuonekana kuwa sumu wala kuleta saratani, ila ukivuja huwasha na kuvimbisha. Mas alihukumiwa Desemba 2013 kifungo cha miaka minne, akafa mwaka wa 2019.

Tazameni tena ile hesabu ya pili. Hata kifuko kizuri, cha kampuni yenye sifa, baada ya miaka 10 kimepasuka kwa watu 10 au zaidi kati ya 100. Ndiyo sababu mwaka wa 2021 FDA ililazimisha kila pakiti iandikwe onyo kwamba kifuko si kitu cha kudumu maisha yote. Msichana wa miaka 25 anayewekewa leo hana budi kutarajia upasuaji mwingine, labda miwili, na kampuni nyingi za bima hazilipii kilichoanza kwa ajili ya urembo. Fedha hizo zitatoka katika karo ya watoto. Ni haki ya mume kujua, kama ilivyo haki ya mke kujua deni la mume.

Jinsi ya kupima ni hivi. Kipimo bora ni MRI, ile mashine ya kulazwa ndani ya mtungi mkubwa. Kwa kutafuta kifuko kilichopasuka haihitaji kudungwa dawa ya rangi. Kifuko kikiwa kimepasuka, ngozi yake huonekana imejikunjakunja ndani ya ute, na madaktari huifananisha na tambi. MRI ni ghali, najua. Ultrasaundi, ile ya akina mama waja wazito, ni nafuu na inafaa kuanzia, mradi anayeishika awe na uzoefu wa matiti. Ushauri wa FDA tangu 2020 ni kwamba mwenye kifuko cha ute, hata asipohisi kitu, apimwe kwa moja ya hizo miaka mitano au sita baada ya kuwekewa, kisha kila miaka miwili au mitatu. Mamogramu, yaani eksirei ya titi, hutafuta saratani, na yaweza isione kifuko kilichopasuka kimya. Lakini mwenye kifuko asiikwepe. Amwambie mpiga picha kabla hajabanwa, naye ana njia ya kukisukuma kifuko nyuma na kupiga picha za ziada.

Ikionekana kimepasuka, si jambo la kukimbizwa usiku kwa ambulensi. Lakini pia si la kungoja miaka. Madaktari hushauri kitolewe, na kama ute umepenya nje, huondolewa pamoja na ukuta wa kovu na mavimbe yanayofikika. Ute ulioenea katika nyama hauwezi kukombwa wote. Kadiri mtu anavyochelewa, ndivyo mpasuaji anavyolazimika kukata zaidi. Mwanamke aweza kuwekewa kingine, au asiwekewe kabisa. Asipowekewa, titi litalegea, pengine litabonyea. Mume ayajue hayo kabla bandeji hazijafunguliwa, asije akashtuka usoni mwake.

Akina mama wanaonyonyesha wameniuliza juu ya maziwa. Wengi wenye vifuko hunyonyesha vizuri, ingawa aliyekatwa kuzunguka chuchu aweza kupungukiwa. Utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka wa 1998 ulipima silikoni, ile asili yake ya mchanga, katika maziwa ya mama wenye vifuko na wasio navyo, ukakuta kiasi kinalingana. Maziwa ya ng'ombe na ya mkebe yalikuwa na kiasi kikubwa kuliko ya mama wote. Basi msimwachishe mtoto ghafla kwa woga. Mwoneni daktari kwanza.

Na kuna wale wanaodungwa silikoni ya maji kwa sindano, bila kifuko, katika vyumba vya nyuma vya saluni. Hiyo ni hatari ya namna nyingine kabisa. Ikiingia katika mshipa wa damu hufika kwenye mapafu, na mtu hufa. Ikibaki katika nyama haitoki tena. Anayetaka kumjua daktari wake hapa Kenya, na aangalie jina lake katika orodha ya Baraza la Madaktari. Orodha hiyo ni ya wananchi wote, na asione haya kuuliza.

Mtaniuliza, je, ni dhambi? Oktoba 1958, siku chache kabla hajafariki, Papa Pio wa XII alizungumza na wapasuaji wa Italia juu ya jambo hili hili la kurekebisha maumbile. Hakulikataza. Alisema uzuri wa mwili ni jambo jema, ila si jema lililo juu ya mengine yote; akataka nia iwe safi, afya ilindwe na hatari kubwa, na sababu ilingane na hatari yenyewe. Mama aliyekatwa titi akataka kujiona mzima tena katika kioo ana sababu inayoeleweka. Msichana aliyechekwa ana maumivu ya kweli. Lakini naona wanaume tunapaswa kujiuliza ni nani anayewacheka. Mume anayemsifu mwanamke wa kwenye televisheni mbele ya mkewe, akidhani ni mzaha, anampeleka kwa mpasuaji pasipo kujua.

Turudi hospitalini. Yule mama alipopigwa mamogramu, binti wa chumba cha picha hakuhitaji kuambiwa chochote. Vifuko vya silikoni huonekana vyeupe kama mayai mawili. Daktari, kwa busara yake, akawaomba mume na mama mkwe wangoje nje, akamwuliza mgonjwa tena. Akalia, akasema yote. Kisha yeye mwenyewe akaomba mumewe aitwe, peke yake.

Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwake kilichomuumbua ni picha, nashukuru. Nyumbani, ndani ya kopo la nyuzi za kushonea, alikuwa amehifadhi kadi ndogo aliyopewa kliniki. Imeandikwa PIP na nambari zake. Kliniki yenyewe ilikwisha kufungwa, lakini kadi ilimsaidia daktari kujua anapambana na nini. Ninyi mlio na kadi kama hiyo, itoeni mlikoificha. Mliyoipoteza, andikeni mwaka, mji na jina la mpasuaji mkiwa bado mnakumbuka.

Ultrasaundi ilionyesha ute umetoka. Madaktari husema huonekana kama dhoruba ya theluji. Mume aliponionyesha ile picha mimi nilikumbuka televisheni ya zamani iliyokosa stesheni. Sindano ya kwapani ikaleta jibu baada ya siku tisa. Ilikuwa ni silikoni, si saratani. Vifuko vyote viwili vikatolewa, cha kushoto kimepasuka na cha kulia kizima. Tezi iliachwa, kwa kuwa kuzitoa tezi za kwapani kwaweza kuuvimbisha mkono, na yake ilikuwa haina hatari.

Lakini siku walipokuja kwangu ilikuwa kabla ya upasuaji, na yule bwana hakuwa akizungumza habari ya tezi. Alisema, "Mwalimu, miaka 14 nimelala na mtu nisiyemjua." Nilimwacha aseme mpaka aishe. Sikumwambia amsamehe papo hapo, kwa maana msamaha wa kuharakishwa hurudi kama nguo iliyoanikwa mbichi ikakunjwa. Nilimwuliza swali moja tu: usiku ule wa habari za Ufaransa, kama mkewe angesema, "Nami ninavyo," angejibu nini? Akakaa kimya muda mrefu. Akasema, "Ningecheka." Mke ndipo akamtazama kwa mara ya kwanza tangu waingie.

Nikamwambia mke naye kwamba kuogopa kuchekwa ni jambo moja, na kumwambia daktari uongo kwa sababu mama mkwe yupo ni jambo lingine. Angeweza kusema, "Daktari, naomba tuzungumze wawili." Kila mgonjwa ana haki hiyo, hata mbele ya mume, na hakuna mkwe wa kweli atakayekasirika.

Walifunga safari ya hospitali pamoja. Mume ndiye aliyekuwa akisafisha kidonda na kumwaga zile chupa za kuchuruzisha maji asubuhi na jioni kwa wiki nzima. Nilipowatembelea baadaye aliniuliza pembeni kama mamake aelezwe ukweli, kwa kuwa alikuwa akiuliza kila siku upasuaji ulikuwa wa nini. Nikamjibu hilo si langu wala lake, amwulize mwenye mwili. Akamwita mkewe tuliposimama pale mlangoni, akamwuliza. Mke akafikiri kidogo. "Mwambie tezi ilivimba ikapimwa, si saratani," akasema. "Hayo mengine nitamwambia mimi, siku tutakapokuwa tunachambua mboga sisi wawili."